Sigara haijawahi kuisha Kibirizi

Usiku wa mwezi mpevu Kibirizi, mwalo wetu wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, hailali mapema. Dagaa hawafuati taa kukiwa na mbalamwezi, kwa hiyo mitumbwi imevutwa mchangani, nyavu zimeanikwa, na vijana ambao kwa wiki mbili tatu wamekuwa wakilala mchana na kuvua usiku wana vitu viwili visivyokaa pamoja muda mrefu: pesa mfukoni na usiku usio na kazi.

Duka la mama yangu mdogo liko juu kidogo ya mwalo, mkabala na wauza migebuka ya kukaanga. Siku hiyo nilikuwa nimekaa ndani juu ya kreti ya soda, namsaidia kuhesabu chenji. Akaja kijana, ndala zimejaa mchanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nikupe nini, baba?"

"Vocha ya buku. Sigara mbili. Na bigijii." Akanyamaza, akageuka kutazama ziwani kama vile kuna boti anaisubiri. "Na ile."

Mama mdogo hakuuliza ile ipi. Aliinama, akapitisha mkono nyuma ya betri. "Pakiti au moja?"

"Moja."

Akachana moja kutoka kwenye pakiti ya kondomu tatu, akaifunga kwenye kipande cha gazeti kama anavyofunga bizari, akaiweka chini ya vocha. Kijana akalipa, akaondoka bila kusubiri bigijii yake. Ilibidi nimkimbilie.

Pakiti pale inauzwa shilingi 1,500. Ikichanwa, moja ni 700. Yaani mwenye pesa kidogo ndiye anayelipa zaidi, kama ilivyo kwa sukari ya kupimiwa, mafuta ya kula ya kipimo na kila kitu kingine ambacho maskini hununua kidogo kidogo. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba pakiti iliyochanwa inaweza kulala wiki nzima kabla ya wa tatu kupatikana, na wewe uliyesoma hujawahi kulipa kodi ya fremu.

Nataka nianzie kwenye jibu hilo, kwa sababu nadhani ndani yake kuna sera nzima ya kinga ya UKIMWI kuliko mabango yote niliyoyaona kati ya Kigoma na Tabora.

Kuuza kondomu kwa bei ya ruzuku, kwa jina la biashara, kupitia maduka yale yale yanayouza chumvi na viberiti, wataalamu wanakuita masoko ya kijamii. Jambo lenyewe halikuanza na UKIMWI. India ilianza mwaka 1968 na kondomu iliyoitwa Nirodh, kwa ajili ya uzazi wa mpango, ikiuzwa paisa 15 kwa pakiti ya tatu. Serikali ile ilijua zahanati hazifiki kila kijiji, lakini kuna watu wanafika: wauza chai, sabuni, sigara na betri. Ikazikabidhi kazi ya usambazaji kampuni kama Brooke Bond, Lipton, Hindustan Lever na Union Carbide, ambayo wakati ule ilikuwa ikiuza betri nchini humo. Kila ninapoiona kondomu ya mama mdogo imejificha nyuma ya betri huwa natabasamu. Imekaa na ndugu zake wa safari.

Kwetu mambo yalikuja na msiba. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 hapakuwa na mkoa wa bara uliobaki bila mgonjwa. Shirika la PSI, la masoko haya ya kijamii, lilianza kazi Tanzania mwaka 1993, likaja na kondomu ya Salama. Baadaye shirika jingine, T-MARC, lililoanzishwa kwa fedha za Marekani, likaja na Dume. Serikali nayo ikaipa kondomu yake ya bure jina la Zana, neno ambalo vijiwe vilikuwa vikilitumia zamani kwa maana hiyo hiyo. Hapo nawapongeza, maana ni nadra ofisi ya serikali kusikiliza kijiwe kabla ya kuchapa kitu.

Majina haya yanastahili kutazamwa kidogo. Salama linaongea na mtu anayeogopa ugonjwa. Dume linaongea na mwanaume anayeogopa kuonekana mnyonge. Yote mawili yalisaidia kuitoa kondomu kwenye rafu ya dawa na kuileta kwenye rafu ya bidhaa, na hilo si dogo: mtu anayenunua dawa anatangaza kwamba anaumwa, anayenunua bidhaa hatangazi chochote. Lakini tazama kijana wetu wa Kibirizi. Hakutaja jina lolote. Alisema "ile". Kwa miaka zaidi ya thelathini tumelipia redio, maigizo ya magari ya sinema, fulana na kofia, na mwisho wa yote mnunuzi anaonyesha kwa kidevu. Sisemi matangazo yalikuwa bure. Nasema kazi yaliyoweza kuifanya yameshaifanya: hakuna mvuvi Kibirizi asiyejua kondomu ni nini na ya nini. Kinachobaki ni kama akisema "ile", mkono wa muuzaji utakuta kitu nyuma ya betri.

Na hapo ndipo penye tatizo. Yalipata kupita magari mwaloni, yakashusha maboksi ya kondomu za bure. Sitayataja yalitoka wapi, maana walioshusha walikuwa na nia njema na kijana mmoja wao alinisalimia kwa heshima. Maboksi yakawekwa kwenye vibanda viwili vitatu na ofisi moja. Ndani ya siku chache nyingi zikawa zimechukuliwa, nyingine zikiwa mikononi mwa watoto, zimepulizwa, zimeviringishwa kwa mifuko na kamba, chandimu inachezwa. Mpira wa kondomu unadunda vizuri kuliko wa makaratasi matupu, muulize mtoto yeyote.

Mama mdogo, kwa akili ya biashara, akaacha kuagiza. Utauza vipi kwa 1,500 kitu kinachogawiwa hatua arobaini kutoka mlangoni kwako? Pakiti alizokuwa nazo zikakaa, akaziuza taratibu kwa hasara, zikaisha. Za bure nazo zikaisha. Gari halikurudi. Kwa karibu miezi mitatu, pande zote mbili, hapakuwa na kitu, na mwezi ulipevuka mara tatu katikati yake.

Wataalamu wanalijua hili. Wanasema soko litazamwe lote kwa pamoja, za bure ziende kwa asiyeweza kununua, za ruzuku kwa mwenye kidogo, za bei kamili kwa mwenye nacho. Kwenye karatasi linapendeza. Mwaloni, mtu wa za bure hamjui mtu wa za ruzuku, na wote wawili hawamjui mama mdogo.

Jiulize swali moja: kondomu ikikosekana Kibirizi, nani anapata hasara siku hiyo hiyo? Mvuvi ataijua hasara yake baada ya miezi au miaka. Mganga wa zahanati mshahara wake uko pale pale. Mradi utaandika kwenye ripoti kwamba maboksi kadhaa yalisambazwa, na ni kweli yalisambazwa. Lakini sigara ikikosekana, kuna watu watatu wanaopoteza pesa kabla ya jua kuzama: muuzaji wa rejareja, wa jumla kule Mwanga, Kigoma mjini, na kijana wa gari la kampuni anayeishi kwa kamisheni. Ndiyo maana tangu nipate akili sijawahi kusikia sigara imeisha Kibirizi. Barabara ikikatika kwa mvua, inakuja. Reli ikisombwa na maji, inakuja. Hakuna semina iliyowahi kufanywa ili sigara ifike.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua utawaudhi baadhi ya marafiki zangu wa afya: hapa mwaloni naiamini zaidi kondomu ya kuuzwa yenye faida nzuri kwa muuzaji kuliko ya bure isiyo na mwenyewe. Za bure zibaki zahanati, kliniki za wanaotumia ARV, kwa wanafunzi na wasichana wasio na senti. Zisimwagwe mbele ya duka linalouza.

Lakini bei nayo iwe bei ya mtu wa hapa. Philip Harvey, mmoja wa waanzilishi wa PSI, alipolinganisha nchi nyingi miaka ya 1990 alifikia kipimo rahisi: kondomu 100, ambazo ndizo zilihesabiwa mahitaji ya mwaka, zisizidi asilimia 1 ya pato la wastani la mtu kwa mwaka. Ukizidisha hapo, mauzo yanashuka. Tupige hesabu yetu. Pato la wastani la Mtanzania ni kama dola 1,200, sawa na shilingi milioni 3 hivi. Asilimia 1 yake ni 30,000. Gawanya kwa 100, unapata shilingi 300 kwa moja, 900 kwa pakiti ya tatu. Huo ni wastani wa nchi nzima, wenye Masaki na Oysterbay ndani yake, na Kigoma iko chini ya wastani huo. Kijana wangu alilipa 700 kwa moja.

Basi ruzuku ingefaa ifanye nini? Tumezoea kuitumia kununua bidhaa na matangazo. Mimi ningeipeleka kwenye faida ya mama mdogo. Afanyiwe pakiti ya moja moja, iliyofungwa kiwandani, yenye bei yake, ili asichane na asiogope kubaki na mbili. Wa jumla wa Mwanga apate kitu kidogo kwa kila katoni inayofika Kibirizi, Katonga, Ujiji na Ilagala, hata kama mjini angeimaliza kwa urahisi zaidi. Ni mambo madogo ya kibiashara ambayo kampuni yoyote ya sabuni inayafanya bila kuitisha mkutano.

Kisha kuna kalenda. Ziwa Tanganyika lina mwezi wake, na si ule wa ukutani. Giza likiingia watu wako majini. Mbalamwezi ikija hesabu zinafungwa, mgao unatolewa, wafanyabiashara wa dagaa wapo, gesti zinajaa. Kila anayeuza kitu mwaloni, kuanzia bia mpaka jeans, anaagiza mzigo wake kwa kutazama angani. Wa kondomu peke yake anafuata robo ya mwaka wa fedha. Hata ziwa lilipofungwa, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, ili samaki wazaliane, wauza bia walijua wapunguze nini na waongeze lini.

Tabora nako kuna mwezi wake, ila huo unaitwa tumbaku. Masoko yakifunguliwa na malipo ya vyama vya msingi yakianza kutoka Urambo, Kaliua na Sikonge, pesa inashuka kwa mkupuo. Mkulima aliyekopa mbolea, kuni na chakula mwaka mzima anashika bunda kwa wiki chache, na miji midogo inavimba. Ongeza njia panda ya reli, malori, na kambi za ujenzi wa reli mpya. Nilipolala Tabora mara ya mwisho, gesti yenyewe nzuri tu karibu na stesheni, nilikuta pakiti mbili za kondomu juu ya kimeza cha dirishani. Nikafurahi. Kisha nikazigeuza: tarehe ilikuwa imepita miezi minane, na jua la mchana linapiga pale pale. Mpira wa kondomu hauchukuliani na joto wala jua, hata kabla ya tarehe kupita. Nilipomwonyesha mhudumu, binti mpole, akasema, "Hizo ziko hapo tangu walipokuja watu wa semina." Hakuwa na kosa. Hakuna aliyempa sababu ya kuzigeuza.

Na kwa kuwa tunaongelea kuharibika, niseme la kwetu. Kigoma ni nchi ya mawese. Mafuta ya aina yoyote, yawe mawese, ya nazi au ya mgando ya kupaka, yanaulegeza mpira wa kondomu kwa dakika chache na kuufanya upasuke. Anayetaka kulainisha atumie kilainishi cha maji. Sijaona bango moja Kigoma linalosema hivyo, ila nimeona mengi yenye picha ya mume na mke wanaotabasamu kuelekea machweo.

Wapo watakaosema Kigoma ina nafuu, tuhangaikie Njombe. Ni kweli utafiti wa mwaka 2022/23 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima wenye VVU na Kigoma asilimia 1.7, wakati taifa lote ni 4.4. Fedha kwenda penye moto mkubwa ni busara. Lakini nakumbuka takwimu nyingine. Utafiti wa 2007/08 uliikuta Kigoma haifiki hata asilimia 1. Ule wa 2011/12 ukaikuta na 3.4. Sampuli za mkoa mmoja huwa ndogo na namba huyumba, sikatai, lakini mkoa wenye ziwa lenye nchi nne, kambi za wakimbizi, reli na bandari hauna ukuta unaouzuia ugonjwa. Una bahati tu ya muda, na tohara, ambayo hupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60.

Upo pia upande wa pili wa ziwa wa kujifunza. Zaire ya zamani, kondomu iitwayo Prudence ilipanda kutoka mauzo yasiyofika milioni 1 mwaka 1988 hadi takriban milioni 18 mwaka 1991. Kinshasa ilikuwa inaziuza baa, vibanda vya sigara, kila mahali. Septemba 1991 wanajeshi wakaasi, mji ukaporwa, wafadhili wakapanda ndege. Mashine nzuri kama ile, na mafuta yake yalikuwa yanatoka kwenye pipa moja.

Sisi pipa letu limeyumba bila risasi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ikafunga rasmi kazi. Haikuwa mara ya kwanza rafu ya Kibirizi kuamuliwa kutoka Washington. Sheria yao ya mwaka 2003, iliyoanzisha PEPFAR, mpango wao wa kupambana na UKIMWI nje ya nchi, ilitaka theluthi moja ya fedha za kinga itumike kuhimiza watu wasubiri hadi ndoa, na sharti lile lilikaa mpaka 2008. Fedha zao ziliwaweka ndugu zetu hai, hilo nalisema bila kigugumizi. Ila biashara ambayo muuzaji wake wa mwisho hajui aliyemjazia rafu ni nani, wala kwa nini ameacha, haikuwa biashara tangu mwanzo.

Mzee mmoja wa Ujiji, mtu wa dini ninayemheshimu sana, huniambia nikianza mambo haya: ukisimamisha ngazi ukutani usishangae mwizi akipanda. Huwa namjibu, mzee wangu, huyu alishapanda zamani, sisi tunazungumzia namna ya kushuka bila kuvunjika mguu. Anacheka, hakubali, tunaendelea na kahawa. Nami sitaki akubali. Kondomu ikitumika kila mara na vizuri hupunguza maambukizi kwa asilimia 80 au zaidi, si mia, na mtu anayeweza kumfanya kijana atulie na mmoja ananipunguzia kazi. Ninachomwomba ni kimoja tu, asimseme mama mdogo msikitini kwa kuziuza. Mpaka leo hajamsema.

Wanawake wa mwaloni nimewapita haraka, na si haki. Kenya, upande wa Ziwa Victoria, wana neno, jaboya, kwa ile biashara ya mvuvi kumuuzia samaki mwanamke kwa sharti la kulala naye. Sisi hatuna neno hilo, lakini mwanamke asiye na mtaji anayengoja dagaa alfajiri hasimami pale akiwa na nguvu ya kusema "vaa". Kondomu ya kike iliwahi kutangazwa nchini kwa jina zuri la kuchezacheza, Lady Pepeta. Mama mdogo hajawahi kuiona. Nilipomweleza ni kitu gani alikaa kimya, halafu akauliza inauzwaje kwa jumla.

Juzi nimempigia simu. Mwezi unakaribia kupevuka, nikamuuliza kama ameagiza. Ameagiza katoni mbili Mwanga, kaletewa nusu katoni, wa jumla anasema mzigo wa Dar haujafika na bei imepanda. Nikamuuliza atafanyaje.

"Nitauza moja moja," akasema.

Na sigara je?

"Sigara zipo."